Imani Iko Wapi Nyumbani kwa Akina Lee?

Kitabu cha Anne Fadiman, The Spirit Catches You and You Fall Down, kilichapishwa Marekani mwaka 1997 na kikapata tuzo ya chama cha wahakiki wa vitabu wa nchi hiyo kwa mwaka huo. Tangu hapo kimekuwa kitabu cha kufundishia katika vyuo vingi vya udaktari. Sisi wa fasihi tumekiacha hukohuko kwa madaktari, eti kwa sababu si riwaya. Mimi sikubali. Kitabu kina wahusika, kina msuko, kina muundo uliopangwa kwa makusudi, na kina msimulizi mwenye msimamo wake. Kikiwa na hayo yote, basi kinahakikiwa kama kazi nyingine yoyote. Tena kinagusa jambo ambalo katika semina zetu huwa tunalipitia mbiombio: imani ya familia inayolea mtoto ambaye afya yake ni kama yai mkononi.

Kwa wasiokisoma, kisa chenyewe ni hiki. Foua Yang na mumewe Nao Kao Lee ni Wahmong wa milimani Laos. Watu wao walitumiwa na Marekani katika vita vya siri nchini mwao, na vita viliposhindwa mwaka 1975 wengi wao wakakimbilia Thailand. Akina Lee waliingia Marekani mwaka 1980, wakaishia Merced, mji wa mashambani huko California. Lia, mtoto wao wa 14, alizaliwa hapo tarehe 19 Julai 1982. Alipokuwa na umri wa miezi mitatu hivi, dada yake Yer alibamiza mlango. Lia akapindua macho, mikono ikaruka juu, akazimia. Wazazi wakajua mara moja: roho ya mtoto imeshtushwa na kishindo, imekimbia. Wakamkimbiza hospitali kwa miguu. Mara mbili za mwanzo kifafa kilikuwa kimeshatulia kabla hawajafika, mkalimani hakuwepo, wakarudishwa nyumbani na dawa ya kifua. Machi 1983 ndipo madaktari walipoona kwa macho yao mtoto akitetemeka, wakakiita kifafa.

Kuanzia miezi minane hadi miaka minne na nusu Lia alilazwa mara 17, na alipelekwa kliniki zaidi ya mara 100. Maagizo ya dawa yalibadilishwa mara 23 katika muda usiotimia miaka minne. Wazazi hawakujua kusoma, si Kiingereza wala lugha nyingine yoyote. Walipoona dawa fulani inamharibu mtoto, waliipunguza au waliiacha. Daktari Neil Ernst, aliyekuwa akimtibu pamoja na mkewe Peggy Philp, akaiarifu idara ya ulinzi wa watoto, na mwaka 1985 Lia akachukuliwa, akapewa familia nyingine. Alirudishwa Aprili 1986. Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo kifafa kikampata kikakataa kuachia. Akapelekwa Fresno, sumu ya bakteria ikaenea mwilini, ubongo ukaharibika. Madaktari walisema atakufa muda si mrefu. Akarudishwa nyumbani afie huko. Hakufa. Aliishi mpaka tarehe 31 Agosti 2012, akiwa na miaka 30, bila kusema neno.

Sasa, usomaji uliozoeleka unasema dhamira kuu ni mgongano wa tamaduni mbili. Fadiman mwenyewe ameukaribisha usomaji huo maana maneno hayo ameyaweka kwenye jina dogo la kitabu. Kwa mujibu wa usomaji huu, wazazi wana imani, madaktari wana sayansi, katikati hakuna mkalimani wa maana, na mtoto ndiye anayeumia. Mimi nasema imani ya akina Lee imetafutwa mahali pasipo pake. Imetafutwa katika jibu la swali "ugonjwa huu umetoka wapi?", wakati kitabu chenyewe, ukikisoma polepole, kinaionyesha katika kazi za nyumbani.

Nianze na jina. Ni tafsiri ya jina la Kihmong la kifafa, qaug dab peg: dab anakukamata, unaanguka. Msomaji wa Kiingereza akikutana na jina hili anaona kitu kigeni, kizuri, cha mbali. Sisi je? Kwetu mtu "anaanguka", basi, na kila mtu mtaani anajua umesema nini. "Yule binti wa Mama Fulani anaanguka." Hakuna anayeuliza ameanguka wapi. Neno kifafa lenyewe, ukilisikiliza, lina kufa ndani yake. Na degedege la watoto lina dege ndani yake, ndege mkubwa ambaye wazee wa pwani wanasema hupita usiku juu ya paa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa kwamba ugonjwa unaweza kuwa na mwenyewe. Anaingia kitabuni akiwa tayari ndani ya nyumba, na hii inambadilishia mambo mengi.

Ugumu wa kukitafsiri uko kwingine. Dab tumwite nani? Pepo, jini, mzimu, shetani? Kila neno kati ya haya lina dini yake na kabila lake, na mfasiri akichagua moja ameshawapa akina Lee madhehebu. Sura ya 18 ni ngumu zaidi. Hapo Fadiman anaweka swali ambalo wasomaji wengi wanaliona ndilo kilele: kipi bora, uhai wa mtoto au roho yake? Daktari mmoja anajibu uhai. Mwanasaikolojia mmoja anajibu roho. Haya, liseme swali hilo kwa Kiswahili mbele ya bibi yako. Mtu anapokufa tunasema amekata roho. Roho ndiyo inayotoka, na roho ndiyo uhai uliokuwemo. Utalazimika kusaidiwa na neno nafsi na maelezo ya dakika tano, na bado bibi atakuuliza, "Sasa mjukuu wangu, hivyo si ndio kitu kimoja?" Nadhani Foua angekubaliana naye. Mtanziko ule ni wa Kiingereza kuliko ulivyo wa Wahmong.

Kuhusu muundo: sura ni 19, na karibu kila mahali sura ya Lia inafuatwa na sura ya historia ya Wahmong, yaani vita, kukimbia, kambi, makazi mapya. Kiufundi hii ni mbinu nzuri sana ya taharuki. Mtoto anaanguka sakafuni, ukurasa unafuata, mara uko Laos kwenye mabomu. Unasoma vita huku moyo umebaki hospitalini. Hata hivyo mbinu hii ina gharama. Kila tendo la Foua linageuka kuwa tendo la Wahmong. Akikataa kidonge, amekataa kwa niaba ya taifa zima lililokataa kutawaliwa. Mwaka 2003 mwanaanthropolojia Janelle Taylor aliandika makala akieleza kwamba kitabu kimesukwa kama tanzia, na kwamba tanzia inahitaji wahusika ambao hawawezi kufanya vingine ila walivyofanya. Namwunga mkono, nami naongeza: tanzia inataka imani iwe ngumu kama jiwe, maana ikiwa laini hakuna kitakachogongana.

Lakini ndani ya kitabu imani hii ni laini! Sura ya 9 inaitwa kwa maneno ya kwamba wanataka dawa kidogo na neeb kidogo, neeb ikiwa ni ile nguvu ya mganga wa Kihmong, txiv neeb. Wazazi hawakuikataa hospitali. Walimpeleka Lia hospitali zaidi ya mara 100, jamani. Hao ni watu wanaokataa? Walichokataa ni kuambiwa kwamba mkono mmoja ukishika kidonge mwingine lazima uwe mtupu. Walitoa kafara za kuku na nguruwe, walimfunga Lia vitambaa na hirizi, na walimpa zile dawa walizoona zinafaa. Wao wenyewe walikuwa na mashaka, walipima, waligeuza mawazo. Jambo hili Fadiman analieleza, kisha mpango wa sura zake unalifunika.

Nisimame hapa kidogo niseme la nyumbani, maana sitaki kujifanya nimekisoma kitabu hiki nikiwa hewani. Dada yangu mkubwa ana mtoto anayeanguka. Vidonge vyake anavinywa asubuhi na jioni bila kukosa, na usiku mama yetu anamsomea Yasini na kumpulizia kichwani. Siku moja kliniki, nesi aliishika ile hirizi mkononi mwa mtoto na kuuliza, "Mama, huu uzi wa nini? Ndiyo maana hamponi." Akachukua mkasi. Dada hakusema kitu. Alisema "sawa, nesi", akaokota uzi, akaufunga kwenye ncha ya kanga. Nilipofika mahali Fadiman anaposimulia jinsi wahudumu wa hospitali ya kambi ya Ban Vinai, kule Thailand, walivyokuwa wakikata nyuzi za mikononi mwa wagonjwa wa Kihmong kwa kuwa ni chafu, niliifunga kurasa kwanza. Nesi yule alidhani anaondoa imani ili dawa ifanye kazi. Kumbe imani ndiyo iliyomwamsha dada saa kumi na moja alfajiri apande daladala mbili kuja kuchukua hicho kidonge.

Kambi hiyohiyo ya Ban Vinai ina kisa kingine, na wenzangu wa sanaa za maonyesho watakipenda. Wahudumu walitaka mbwa wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, watu wakagoma. Akaja Dwight Conquergood, mtaalamu wa sanaa za maonyesho. Akaandaa maandamano ya ngoma na wahusika kutoka hadithi za Wahmong wenyewe, wakiongozwa na chui milia. Kesho yake mbwa wakaletwa mpaka wahudumu wakazidiwa. Hakumwambia mtu aache kuamini chochote. Ukikumbuka kazi za ukumbi wa sanaa kwa maendeleo zilizofanywa na akina Penina Muhando na Amandina Lihamba hapa kwetu, huoni kigeni.

Narudi kwa Foua. Kurasa bora za kitabu, kwa maoni yangu, si zile za mabishano. Ni zile za baada ya Novemba 1986, Lia akiwa ameshakuwa mtoto wa kulala tu. Fadiman alianza kwenda kwao mwaka 1988, akakaa sakafuni, akatazama. Foua anamwogesha mtoto. Anamtafunia chakula kwanza, kisha anamtia mdomoni. Anambeba mgongoni kwa mbeleko iliyotariziwa. Anachemsha majani na kumkanda. Usiku analala naye. Mtoto asiyejigeuza hupata vidonda vya mgongo upesi; huyu ngozi yake ilikuwa safi, nywele zimechanwa, ananukia vizuri, na wauguzi waliomtembelea walistaajabu. Hawa ndio wazazi walioandikwa kwenye mafaili kuwa hawafuati maagizo.

Hapo, mimi naona, ndipo imani inapokaa. Sisemi kwamba Foua hakuamini kuwa roho ya Lia imepotea. Aliamini, na ndiyo sababu mwili ulihitaji kutunzwa: roho ikirudi ikute nyumba haijabomoka. Lakini angalia vitenzi. Katika sura za madaktari vitenzi ni kuagiza, kupima, kuandika, kuripoti. Katika sura za Foua ni kuosha, kutafuna, kubeba, kukanda. Fadiman ana jicho la kuviona vitenzi hivi, na lugha yake hapa inatulia, inaacha mbwembwe. Halafu anaondoka mapema mno kurudi kwenye historia. Yako mambo mengine kama haya ambayo yalihitaji kukaliwa. Kwa mfano, mama aliyepewa Lia amlee aliipenda familia hii hadi akawa anamwachia Foua mtoto wake mwenyewe mchanga anapompeleka Lia kliniki. Serikali imesema mwanamke huyu hafai kulea. Mlezi aliyewekwa na serikali anamkabidhi mwanawe. Hakuna hoja ya kitabu kizima iliyo na uzito kuliko tendo hilo, nalo limepewa nafasi ndogo tu.

Kwa upande wa madaktari, Fadiman amefanya jambo la haki: amewapa nao imani. Neil Ernst alikataa kuandika dawa rahisi zaidi kwa kuwa aliona kumpa mtoto wa Kihmong tiba pungufu ni kumdhulumu. Huo ni msimamo wa heshima, na ni imani kabisa: imani kwamba tiba iliyo bora kitabuni ndiyo bora mezani kwa akina Lee. Lia alipokuwa nyumba ya walezi, akipewa dawa kama ilivyoandikwa, bado alianguka. Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia ambaye Fadiman alimwendea kwa ushauri, alisema utamaduni wa udaktari nao una nguvu kama wa familia, na anayeusahau huo hawezi kuushughulikia ule mwingine. Kauli hiyo imekuwa ikirudiwa sana. Mimi nilitaka nione pia imani ya Ernst nyumbani kwake, saa tisa usiku simu inapolia na yeye anainuka kwenda kwa mtoto ambaye wazazi wake hawamwamini. Fadiman ameugusa usiku huo, na Ernst ndiye mhusika wake aliyekamilika kuliko wote, mwenye hasira na huruma pamoja.

Kuna mahali nitatofautiana na wanaokisifu kitabu bila breki. Ukitoka nacho unaweza kudhani imani ya jadi daima inampandisha mgonjwa cheo. Kwa Wahmong mwenye kifafa anaweza kuwa txiv neeb, kwa hiyo wazazi wa Lia waliona ugonjwa wake ni balaa na heshima pamoja. Pwani yetu pia wapo waganga walioteuliwa na maradhi. Ila nenda Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wanatengwa, wanakula peke yao, na wana makovu ya moto kwa kuwa walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Iliaminika mate yao yanaambukiza. Hiyo nayo ilikuwa imani, na mikono yake ilirudi nyuma. Akina Lee walikuwa na mikono iliyokwenda mbele. Mhakiki anayesema tu "tuheshimu imani za watu" hajatofautisha mikono hii miwili, na ndiyo maana nasisitiza tuisome imani kwenye matendo ya malezi kabla ya kuisoma kwenye maelezo ya chanzo cha ugonjwa.

Mwisho wa kitabu ni sherehe. Mganga anakuja, nguruwe wanatolewa kafara, mganga anapanda farasi wake wa kiroho kwenda kuitafuta roho ya Lia, na anaiita irudi. Kifani ni mwisho mzuri mno, na ndicho kinachonitia wasiwasi. Msomaji anafunga kitabu akiwa amepozwa na uzuri. Mgogoro haukutatuliwa, lakini umeimbwa. Asubuhi iliyofuata sherehe haimo kitabuni: maji ya kuchemsha, nguo za kubadilisha, chakula cha kutafuna. Kutoka Novemba 1986 hadi Agosti 2012 ni karibu miaka 26 ya asubuhi za namna hiyo, na kitabu cha 1997 kisingeweza kuzijua zote, lakini hata zile kilizozijua kilizipita ili kimalizie kwenye ngoma.

Na yuko Yer. Yule dada aliyebamiza mlango. Kwa imani ya nyumba hiyo, kishindo cha mkono wake ndicho kilichoifukuza roho ya mdogo wake, na kila mara wazazi walipoulizwa ugonjwa ulianzaje, walianza na jina lake. Amekua katika nyumba ambamo mdogo wake amelala kimya, na sababu inajulikana, na sababu ni yeye. Walimpenda, sina shaka. Je, alihitaji kuitiwa roho naye? Fadiman anamtaja mwanzoni kama kichocheo cha msuko na hakai naye tena. Ningekuwa na uwezo wa kumwomba mwandishi sura ya 20, ningemwomba aanze na mlango huo, na aliyekuwa ameushika.